Wakikuita Kuosha

Jengo la Kitengo, mjini
Jumatatu, 5 Mei

Mama mpendwa,

Assalaam aleikum. Usishtuke kupata karatasi badala ya simu. Tulipoingia kazini asubuhi hapa kwenye kitengo chetu cha dharura, simu zetu zilikusanywa kwenye karai mlangoni, na tukaambiwa hatutoki mpaka zoezi liishe. Wanasema ni wiki mbili. Makarani wa kike tunalala ghorofa ya nne, kwenye magodoro yanayonuka dawa ya panya.

Zoezi lenyewe ni hili. Tunajifanya kwamba lori lililobeba chuma chenye mionzi limepinduka Waiyaki Way, na serikali inaonyesha jinsi itakavyowaokoa watu. Wageni kutoka ng'ambo watakuja kutazama. Uwanjani limesimamishwa hema kubwa jeupe, na ndani yake kuna vitanda vyenye midoli mikubwa iliyolazwa kama wagonjwa. Kazi yangu ni kuchapa taarifa na kupokea simu za namba ya dharura. Wanaopiga ni wenzetu wa ghorofa ya pili, wanaojifanya raia. Mmoja alilia kama kweli. Nikamwambia, "Subiri kidogo."

Mkuu wetu, Bwana Mbugua, ametufanya tutie sahihi kiapo. Atakayetoa habari za humu atafukuzwa kazi na kushtakiwa. Jirani yetu Peres, kwa kuwa ni mpishi, anaruhusiwa kurudi Kabiria jioni, na ndiye atakayetubebea barua. Lakini Oduor, askari wa mlangoni, hufungua kila karatasi. Ni mpole, ila husoma mpaka mwisho. Kwa hiyo tuandikiane ya nyumbani tu.

Usisahau dawa ya presha. Mwambie Amin asikupe sababu ya kuisahau.

Mwanao,
Nisreen


Kabiria
Jumanne, 6 Mei

Nisreen mwanangu,

Waaleikum salaam, wewe pamoja na huyo Oduor, maana naona sasa tumekuwa watatu. Oduor baba, ukimaliza kusoma ikunje vizuri, na usiishike kwa mikono ya chapati.

Sisi hatujambo. Amin anafungua duka saa anayotaka na kufunga saa anayotaka, kisha ananiuliza kwa nini wateja hawaji. Peres amenieleza kuhusu midoli yenu. Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Kwani hujui nasi tunayo? Jumamosi nilikuwa nawafundisha wasichana wa msikitini kuosha maiti, na tukamlaza mdoli wa kitambaa. Msichana mmoja akaogopa kumgeuza, nikamwambia, "Huyu hata akikuangukia hana uzito, je, mimi siku nikifa utaniweza?" Wote wakakimbia!

Sasa kuna neno moja, na najua hulipendi. Bi Shamsa wa Muthangari hajiwezi. Amelazwa kwenye zahanati moja huko huko. Najua alivyovunja posa ya mwanawe Ridhaa kwako, na najua sababu ilikuwa mimi. Alisema mkono unaoosha maiti hauwezi kukanda unga wa harusi nyumbani kwake. Niliyasikia na sikujibu. Lakini ugonjwa ni ugonjwa, mwanangu. Muombee.

Dawa nimekunywa. Muulize Peres kama huniamini.

Mama yako,
Zena


Jengo la Kitengo
Jumatano, 7 Mei

Mama,

Naandika haraka kwa sababu Peres ameshavaa sweta.

Wakikuita kuosha wiki hii, usiende. Hata awe nani. Na hasa wakikuita kutoka ile nyumba uliyoitaja, Mama, nakuomba kwa haki ya maziwa uliyoninyonyesha, usiende na usimtume mwingine. Sema mgongo unakuuma. Sema umefunga safari kwenda Mombasa. Sema lolote.

Usiniulize kwa nini. Siwezi kueleza, na wala usidhani ni jambo dogo. Leo nilipewa karatasi ya kuchapa, na nimeirudia mara nyingi kwa sababu nakosea herufi. Bwana Mbugua alinitazama akaniuliza kama nimekula.

Oduor atasoma haya na kuona ninakupangia uongo. Anisamehe naye.

Nisreen


Kabiria
Alhamisi, 8 Mei

Mwanangu,

Leo nakuandikia nikiwa nimechoka, na nina huzuni kidogo, ila moyo wangu ni mweupe.

Bi Shamsa amefariki alfajiri. Ridhaa mwenyewe alikuja kunichukua kwa gari. Barua yako nilikuwa nimeisoma jana usiku, tena mara mbili. Wallahi ningeweza kusema mgongo, maana kweli unauma. Lakini barua yako ndiyo iliyoninyanyua kitandani. Nilijiambia, kumbe mwanangu ana kinyongo kiasi hiki? Mtu anakufa na bado unamhesabia posa? Sikukulea hivyo. Nikaona nikikataa leo, kinyongo kitakuwa changu na chako, na tutakwenda nacho mpaka kaburini. Kwa hiyo nimekwenda kwa ajili yako pia.

Tumemwosha pale pale Muthangari, mimi na binti zake wawili, Thureya na Mulhat. Walitaka kumhudumia mama yao kwa mikono yao, na hakuna haki kubwa kuliko hiyo. Thureya alishika kichwa, Mulhat akamimina maji. Glavu hazikututosha, nikawapa wao, hata hivyo Mulhat akazivua kwa kuwa zinamtelezesha. Mimi nilijifunga kitambaa mkononi kama walivyofanya mama zetu.

Nilipotoka, Ridhaa alikuwa amesimama barazani. Hakuweza kuniangalia. Akasema, "Mama, tulikukosea." Neno hilo tu. Mimi nikamshika kichwa kama mwanangu. Nisreen, nadhani mlango ule umefunguka. Usiufunge wewe kwa mkono wako.

Mama yako


Jengo la Kitengo
Ijumaa, 9 Mei

Mama,

Sina kinyongo. Sikuwahi kuwa nacho, au kama nilikuwa nacho sikikumbuki tena. Tafadhali acha habari ya posa. Nijibu maswali yangu tu.

Ulipomgusa Bi Shamsa, alikuwaje? Palikuwa na damu puani, au kwenye fizi, au mahali alipochomwa sindano? Macho yalikuwa mekundu? Kile kitambaa cha mkononi umekipeleka wapi? Je, ulikuwa na mchubuko wowote, hata wa kisu cha kitunguu?

Kuanzia leo lala chumbani kwako peke yako. Tumia sahani yako na kikombe chako. Usiwapikie watu. Usiende kuosha mwingine. Usiwaache watoto wa jirani wakupande mapajani. Ukisikia joto la mwili, hata kidogo, umwambie Amin asikuguse, aniletee habari siku hiyo hiyo.

Oduor ameniuliza, "Madam, haya maswali ni ya zoezi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi zoezi lenu ni kali." Wenzangu wapo uwanjani wanapigwa picha wakiwa wamevaa yale mavazi meupe ya kujikinga. Wanainua vidole gumba.

Nisreen


Kabiria
Jumapili, 11 Mei

Nisreen,

Nimekaa na barua yako siku nzima nikijiuliza kama ni wewe uliyeiandika.

Swali lile usiniulize tena. Mwosha akishafunga mlango, anayoyaona ni amana ya marehemu. Kama uso uling'aa atasema, kama palikuwa na jingine atawapa jamaa maneno mema, na lile atalinyamazia mpaka naye aoshwe. Bibi yako alinifundisha hivyo nilipokuwa mdogo kuliko wewe. Watu wananipa maiti zao kwa sababu wanajua mdomo wangu. Leo nikimwambia mwanangu, kesho nitamwambia Peres, na keshokutwa nani atakayeniita? Hata uwe serikali, Nisreen, hili sikupi.

Kulala peke yangu nitalala, Amin anakoroma. Sahani yangu ninayo tangu zamani, ile yenye maua. Lakini kutowapikia watu siwezi, jana nimepeleka biriani kwenye matanga Muthangari, na Mulhat amekula kwenye sinia langu kama mtoto. Anakusalimu. Alisema, "Mwambie wifi arudi."

Wifi! Umesikia?

Nadhani huko ndani mnatishana. Watu wazima kufungiwa pamoja na midoli, lazima akili ichoke. Soma Qur'ani kabla ya kulala.

Mama yako


Kabiria
Ijumaa, 16 Mei

Dada Nisreen,

Ni mimi, Amin. Mbona umenyamaza? Jumatatu Peres alirudi mikono mitupu, akasema kuna barua yako ilibaki mlangoni. Jumanne hivyo hivyo.

Mama anaumwa. Alianza Jumatano kwa kichwa na joto, akasema ni uchovu. Jana ametapika usiku kucha. Leo macho ni mekundu, na ameniomba nisimwangalie anapotema mate. Nimemwangalia. Kuna damu.

Nilimpeleka kituo cha hapa karibu, wakampa dawa ya malaria. Nikakumbuka ile namba ya dharura uliyokuwa unaisema, imebandikwa kila nguzo ya stima. Nikapiga. Akapokea mwanamke mwenye sauti nzuri, si wewe. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Uko umbali gani kutoka kwa lori?" Nikamwambia, lori gani, dada, mimi nasema mama yangu. Akasema tena, "Tafadhali elekea upande upepo unakotoka, na asante kwa kushiriki." Kisha akakata.

Nifanye nini? Wewe ndiwe mwenye masomo.

Amin


Jengo la Kitengo
Ijumaa, 16 Mei

Amin ndugu yangu,

Sijui kama hii itapita. Katika ile ya Jumatatu nilieleza kila kitu, na Oduor aliipeleka kwa Bwana Mbugua. Nadhani aliogopa kama ninavyoogopa. Bwana Mbugua hakunifokea. Alinipa kiti. Akasema, "Nisreen, wewe ni mtoto mzuri. Mama yako hana dalili yoyote. Unataka Nairobi nzima ikimbie kwa sababu ya karatasi moja?" Kisha akaitia barua yangu kwenye mashine ya kukatakata, na mimi nikasema asante. Nilisema asante, Amin.

Sasa nakuambia. Ile karatasi niliyoichapa Jumatano wiki iliyopita ilikuwa majibu ya damu ya Bi Shamsa. Ni homa ya kirusi inayotoa damu. Haina mzaha, na mtu huambukiza zaidi akishakufa, kwa jasho lake na damu yake. Wakubwa walikubaliana kusubiri maabara ya pili ya nje ithibitishe, na wageni waondoke kwanza, ndipo watangaze. Maiti ikaruhusiwa kuchukuliwa na jamaa zake kama maiti nyingine yoyote.

Mimi nilijua kabla hawajamwita Mama. Nikaandika kuhusu mgongo.

Usimguse kwa mikono mitupu. Funga mifuko ya plastiki mikononi, funika mdomo na pua, vaa miwani. Weka dawa ya kufulia nguo nyeupe kwenye maji na umwagie kila anachotapika. Usilale chumba chake. Mpe maji ya chumvi na sukari. Usimpigie mtu wa ile namba tena. Nitakwenda mwenyewe kwa Bwana Mbugua nikupatie gari, hata kama nitapiga magoti.

Mwambie Mama

Hapana. Usimwambie kitu. Mpe maji tu.

Nisreen


Kabiria
Jumatano, 21 Mei

Dada,

Barua yako ilipita. Peres anasema Oduor aliisoma yote, akaikunja vizuri, akampa. Akasema, "Mimi sijaona kitu, Peres."

Gari lilikuja Jumamosi. Watu wawili, vazi moja la kujikinga. Zipu za mengine yote zilikatika siku ya kupigwa picha, ndivyo walivyosema. Mmoja akavaa, mwingine akasimama mbali akitoa amri. Walimpeleka kwenye hema lenu jeupe kwa sababu hakukuwa na mahali pengine palipotayarishwa. Walishusha mdoli kutoka kitandani, wakamweka chini, wakamlaza Mama. Muuguzi mmoja, kijana mwenye huruma, alifungua bomba la tangi na hakikutoka kitu. Tangi lilikuwa la kuonyesha. Alikuwa ananunua maji ya chupa kwa wachuuzi wa barabarani.

Nilikuwa nje ya kamba. Niliweza kumsikia akikohoa, nikawa namwita, naye ananijibu "labeka" kama mimi ndiye mzazi. Jumatatu wageni walikuja. Walielekezwa upande wa pili wa uwanja, kwenye lori.

Jumatatu jioni aliniita. Nilimweleza kila kitu hapo, samahani, sikuweza kuacha. Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Mwambie Nisreen, lile swali alilouliza, jibu ni ndiyo. Kotekote." Akalia kidogo, si kwa maumivu, nadhani ni kwa Bi Shamsa. Akasema tena, "Thureya na Mulhat. Mwambie haraka."

Amefariki jana mchana. Hakuoshwa. Wamemtia kwenye mfuko, wakanyunyiza dawa juu ya mfuko, na mimi nimemswalia peke yangu nyuma ya waya. Nimeambiwa nikiulizwa niseme homa kali. Nimetia sahihi, na simu yangu wameichukua. Sasa nimejifungia chumbani kwake na sitoki mpaka siku zipite. Chakula Peres ananiachia mlangoni.

Sikulaumu. Nimejaribu, sikuweza.

Amin


Uthiru
Jumamosi, 24 Mei

Ndugu Ridhaa,

Simu sijarudishiwa, na namba yangu ulishaifunga mwaka jana, na haki ulikuwa nayo. Kwa hiyo nakuandikia, na Peres atakuletea hadi mlangoni Muthangari. Mimi siruhusiwi kutoka. Nimepewa likizo na kuletwa kwenye chumba hiki Uthiru, na askari yupo chini kwenye ngazi. Kiapo bado kinanifunga. Nakivunja sasa, na barua hii ikikamatwa najua nitakakopelekwa.

Nitaandika wazi, sitazunguka.

Mama yako alikufa kwa kirusi kinachotoa damu. Majibu niliyachapa mimi. Mama yangu aliambukizwa alipomwosha, naye amekufa kwa ugonjwa ule ule. Si presha, wala si malaria. Thureya na Mulhat walimwosha pamoja naye, na Mulhat hakuwa na glavu. Muda wa ugonjwa kujitokeza haujapita. Watenge leo, kila mmoja na chumba chake, si kwa adhabu ila kwa uhai wao na wako. Mwenye joto asiguswe. Mpigie daktari yeyote unayemwamini, mwambie maneno haya haya niliyoandika, na usikubali akuambie ni malaria kabla hajapima.

Hutasikia haya redioni. Wageni wameondoka na zoezi limesifiwa. Maabara ya pili imejibu, na jibu limewekwa kwenye meza ya mtu ambaye yuko safarini.

Mama hakuwahi kumtolea mtu siri ya maiti. Aliitoa ya mama yako akiwa anakufa, kwa ajili ya dada zako tu. Nakuomba usiiache ipotee.

Nisreen binti Zena


Muthangari
Jumatatu, 26 Mei

Dada Nisreen,

Assalaam aleikum. Tumeupokea msiba wa Bi Zena kwa majonzi makubwa. Mungu amlaze mahali pema. Tulisikitika kwamba hatukuitwa. Dada zangu walikuwa wamejiandaa kwenda kumwosha, ili wamlipe wema wake, na wamelia kusikia kwamba serikali ilimzika haraka kwa sababu ya homa.

Barua yako nimeisoma, na nimeificha wasiione. Najua umefiwa, na aliyefiwa husema mengi. Pia najua yaliyopita kati ya nyumba zetu, na upande wenye makosa ulikuwa wetu. Lakini, dada, kusema mama yetu alikufa na uchafu wa namna hiyo mwilini ni jambo zito, na mtu wa kwanza kulikanusha ni mama yako mwenyewe. Siku ile alitoka chumbani, akanishika kichwa mbele ya watu wote, akasema, "Ridhaa, mama yako ni msafi. Nimeosha wengi, sijaona maiti iliyotulia namna hii." Maneno yale ndiyo yaliyotushikilia mpaka leo. Dada zangu nao hawasemi la chumbani, ndivyo alivyowafundisha. Nani nimwamini, yeye aliyeona kwa macho, au karatasi?

Mulhat hajambo, ana mafua tu na uchovu wa matanga. Thureya analala naye ili asiwe mpweke.

Hitma ya mama ni Ijumaa hii baada ya swala, hapa nyumbani. Jamaa wanatoka Mombasa na Lamu, na watoto wote watakuwepo. Tutamsomea na Bi Zena pia. Mulhat ameomba apike yeye mwenyewe.

Kama watakuruhusu kutoka, karibu sana. Amin naye aje.

Wako,
Ridhaa